Hatua Hamsini

Fundi Akyoo wa Sanawari hakunipa pole.
Aliutazama mkono wangu wa kushoto, pale unapoishia,
akatandika gunia juu ya meza
akasimamisha risasi tatu,
kama watoto waliochelewa shule.

"Bastola yako inameza moja," akasema.
"Ukikosa, uifungue, utoe ganda, utie nyingine.
Kwa mkono huo mmoja, mpaka umalize,
ngiri amefika Tengeru anakunywa chai."

Nilicheka. Lakini ni kweli.

Mashine ya kumenya kahawa ilichukua vidole,
kisha kiganja,
mwaka ule ule wa bei nzuri.
Bunduki ya baba, ya mitutu miwili,
ikabaki juu ya kabati, hainijui tena.
Bunduki hubebwa kwa mikono miwili, kama kichanga.
Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, shemeji Ndewirwa akanikumbusha.
Ng'ombe wa nani? Mimi namtaka ngiri
anayelala mchana korongoni, huku kwetu Maji ya Chai,
na kabla jua halijatoka yumo kwenye mahindi yangu,
kapiga magoti kama muumini.

Ya kwanza nene, haina shingo,
mzee wa kanisa aliyeshiba.
Akyoo akaniwekea kiganjani.
Uzito ukapanda mpaka begani, na bado haijalia.
"Hii inamwangusha nyati," akasema, "na wewe.
Siku ya kwanza utaipenda, mbele za watu.
Siku ya pili utafumba macho
kabla kidole hakijavuta."

Ya pili ndefu, imetakata, ina kiuno.
Nikaipenda. Akaniona.
"Hiyo ya bunduki. Baruti yake ya taratibu,
inataka mtutu mrefu wa kukimbilia.
Kwako itaungulia nje.
Ule moto mkubwa utakaouona
ni hela yako."

Ya tatu sikuwa nimeitazama vizuri.
Fupi, shaba yake imechoka,
kitu cha kusahau kwenye mfuko wa koti.
"Hatua hamsini," akasema Akyoo.
"Sitini, rudi nyumbani."

Hapo nikamweleza habari ya pongo,
ambayo hata Eliamani sijamweleza yote.
Nilikuwa na mikono yangu miwili.
Nilimpiga kwa mbali, nikijua ni mbali,
kwa sababu ya pili ilikuwemo mtutuni.
Ile ya pili ndiyo iliyonidanganya ile ya kwanza.
Tulifuata damu hadi giza.
Tulipata manyoya kwenye mwiba, basi.

Akyoo alipangusa meza isiyo na vumbi.

Nilinunua kumi, za fupi.
Viatu vya Ndeshi vya shule vikasubiri mwezi mwingine.
Nyumbani Eliamani aliweka moja kwenye mizani ya kahawa;
mshale haukujisumbua.
"Kwa hiki?"
"Kwa hicho."
Akazifungia sandukuni, ufunguo akautia kifuani,
na usiku nilisikia unagusana na msalaba wake
kila alipojigeuza.

Asubuhi nilitoka bila bastola.
Nilianzia kwenye mfereji, pale nitakapokaa,
nikahesabu kwa mguu kuelekea mahindi,
arobaini na saba, arobaini na nane,
nikateleza, nikaanza upya.
Kwenye hamsini nikachomeka kigingi.

Mama Nderingo akapita na ndoo yake.
"Unapima kiwanja? Unauza?"
"Napima risasi."

Hakucheka. Alitazama mfereji, akatazama kigingi,
akautazama mkono wangu ule mzima,
umeloa umande, unatetemeka kidogo kwa baridi,
nadhani ni baridi.

"Basi kisogeze karibu," akasema,
akaenda zake majini.

Nikakisogeza.